UZI: Jay-Z na Nas 2001, bifu lilivyochezwa mwezi kwa mwezi, na nani aliondoka na masta

#1 MwambaWaCapripoint (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Vijiweni Makoroboi na Kirumba hapa Mwanza ligi ni ileile haiishi: "Ether", wimbo wa Nas, ilimmaliza Jay-Z au haikummaliza? Wabishi wengi wanahesabu matusi. Humu tuhesabu vingine: tarehe, biti, masta (rekodi asili za nyimbo) zilikuwa kwa nani, na wimbo ulimfikiaje msikilizaji. Msimamo wangu nautanguliza ili mnirushie mawe mapema. Nas alishinda wimbo, Jay-Z akachukua karibu kila kilichobaki, kwa sababu aliingia vitani akiwa na mali yake mwenyewe, wakati mwenzake alikuwa na jina na kipaji.

Wahusika kwanza, marapa wawili wa New York. Jay-Z ni Shawn Carter, kazaliwa Brooklyn Desemba 1969, kakulia kwenye majengo ya Marcy. Nas ni Nasir Jones, kazaliwa Septemba 1973, kakulia Queensbridge. Kwa umri Nas ni mdogo, kwenye gemu ndiye aliyetangulia: Illmatic ilitoka Aprili 1994, Jay-Z akiwa hana albamu hata moja. Lebo zilimkatalia. Akaungana na Damon Dash na Kareem Burke, wakaanzisha lebo yao, Roc-A-Fella, na Reasonable Doubt ikatoka Juni 1996. Wekeni alama hapo, maana tutaparudia: kukataliwa ndiko kulikomfanya awe mwenye hisa.

Mbegu ya ugomvi imo ndani ya albamu hiyohiyo. "Dead Presidents" imejengwa juu ya sauti ya Nas iliyokatwa kutoka kwenye rimiksi ya "The World Is Yours". Yaani kiitikio cha wimbo wa Jay-Z kinaimbwa na mtu ambaye hakukanyaga studio. Kisheria ni sampo tu. Kimtaani ni deni, na kila mmoja ana hesabu yake kuhusu nani anamdai nani.

Baada ya hapo ni miaka mitano ya madongo ya chinichini. Moto wenyewe uliwaka tarehe 28 Juni 2001 kwenye Summer Jam, tamasha la redio ya Hot 97, ukumbi wa Nassau Coliseum. Jay-Z alipanda na wimbo wake "Takeover". Wengi wanasimulia kama vile wimbo mzima ulikuwa wa Nas. Hapana. Siku ile mzigo mkubwa aliubeba Prodigy wa kundi la Mobb Deep, tena akawekewa kwenye skrini kubwa picha yake ya utotoni akiwa na mavazi ya kucheza dansi. Nas aliguswa kwa mstari mmoja tu mwishoni. Usiku huohuo Jay-Z akampandisha Michael Jackson jukwaani. Mtu anakutaja kwa mstari mmoja halafu anamleta Michael Jackson: hata ukijibu kesho yake, habari ya mjini si wewe.

Nas akajibu kwa mitindo huru juu ya biti ya "Paid in Full" ya Eric B. & Rakim. Jay-Z akarudi studio, na toleo la albamu likaongezewa vesi ndefu kwa ajili ya Nas peke yake. Albamu hiyo, The Blueprint, ikatoka tarehe 11 Septemba 2001, siku ileile ya mashambulizi ya New York, na bado ikauza nakala zaidi ya 400,000 wiki ya kwanza na kukaa namba moja Marekani.

Desemba Nas akaachia "Ether", biti ya Ron Browz, ikiwa ndani ya albamu ya Stillmatic iliyotoka tarehe 18 mwezi huo. Ndani ya siku chache Jay-Z akakimbilia Hot 97 na "Supa Ugly". Pale akavuka mstari: akaingiza habari za faragha kuhusu mama wa mtoto wa Nas. Mama yake mzazi, Gloria Carter, akapiga simu kumkemea, na jamaa akaomba radhi redioni. Kwangu mimi bifu liliisha pale. Ukishaomba radhi kwa wimbo uliouachia wiki hiyohiyo, hakuna vesi itakayokuokoa.

Sasa ruka hadi tarehe 27 Oktoba 2005, East Rutherford, New Jersey. Jay-Z kaandaa shoo kaiita "I Declare War". Watu wamejaa wakisubiri damu, yeye anamtoa Nas nyuma ya pazia na wanapiga pamoja "Dead Presidents" na "The World Is Yours". Sampo iliyoleta balaa ikaimbwa na mwenye sauti yake, akiwa hai, pembeni ya aliyeikata. Na kumbuka wakati huo Jay-Z ni rais wa lebo ya Def Jam. Mwaka 2006 Nas akasaini Def Jam. Aliyepigwa kwenye wimbo akawa bosi wa ofisi inayotoa nyimbo za aliyempiga. Na kwenye makubaliano ya kuichukua kazi ile, Jay-Z alihakikisha masta za albamu zake zinarudi mikononi mwake.

Karibuni. Msije na "Nas ni mshairi" peke yake, leteni vielelezo.

#2 Nyakahoja_Dada

Mleta uzi umeandika vizuri ila Nas umempunja. Mwaka 2001 alikuwa kwenye hali gani? Nastradamus ya 1999 ilipokelewa vibaya, watu wakaanza kumzika. "Takeover" ilimpiga hapohapo kwenye kidonda: ilifanya hesabu ya albamu zake, ngapi nzuri, ngapi mbovu. Dongo lenye takwimu huwezi kulijibu kwa kusema "mwongo wewe".

Sasa tazama alichofanya. Hakubishana na hesabu. Angejitetea albamu kwa albamu angekuwa anajibu mtihani uliotungwa na Jay-Z. Alibadilisha somo: akahama kwenye mauzo na rekodi akaenda kwenye utu wa mtu, sura yake, tabia, na alimuiga nani kabla hajawa yeye. Mwenzio akija na hesabu, wewe njoo na kejeli. Hiyo ni mipasho kabisa, wakina mama wa taarabu wanaijua kuliko marapa. Na jina la wimbo likageuka kitenzi kwenye Kiingereza cha mtaani: kumfanyia mtu "ether" ni kumteketeza kwa maneno. Jay-Z ana mabilioni, sawa, ila kitenzi ni cha Nas.

Halafu kazi yake ilifufuka. Hilo ni pato pia, mkuu, hata kama halikai kwenye kabati la karatasi.

#3 Jongoo_la_Pasiansi

Stillmatic si ilitoka siku moja na Blueprint? Ndiyo maana Jay-Z alimfunika mauzo.

#4 MwambaWaCapripoint

@Jongoo hapana. Blueprint Septemba, Stillmatic Desemba. Kati yake kuna zaidi ya miezi mitatu. Na ukihesabu toka Summer Jam hadi "Ether" ni zaidi ya miezi mitano. Muda huo wote mtaani waliamini Nas kaufyata.

@Nyakahoja la kitenzi nakupa. Nimelikubali bila kinyongo.

#5 NgwanaBujora

Kwa sisi wa huku ziwani jambo hili si geni wala halikuletwa na meli. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vinavyotajwa kuanzia kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, karne ya 19. Hadi leo wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni, mnaona upinzani huo.

Taratibu yake ndiyo inayonivutia kwenye mada hii. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna meza ya majaji. Watazamaji ndio mizani: wanahama kwa miguu kwenda upande unaowavuta. Upande ukibaki na watu wachache umeshindwa, hata kama ulicheza kwa ufundi. Ndiyo maana kila upande una cha kushangaza: Bayeye na nyoka, Banunguli na nungunungu, Bagobogobo wanarusha majembe. Na dawa, bila shaka. Mganga wa chama kazi yake kubwa ni mvuto wa watu.

Sasa irudishe Summer Jam. Picha ya Prodigy kwenye skrini ni nyoka wa Bayeye. Michael Jackson ni dawa ya mvuto. Jay-Z alicheza mbina (ngoma ya mashindano) ya uwanjani, akahamisha watu kwa miguu. Nas hakuwepo uwanjani, akaja kujibu kwa kanda na redio, na bado watu walihama. Kwa kipimo cha Kisukuma ushindi wa Nas ni mkubwa zaidi kuliko mnavyousema, kwa sababu alivuta watu bila kuonekana.

#6 Kishiri_Biti

@NgwanaBujora umemaliza. Nyoka wa Bayeye nimecheka peke yangu.

Mimi niongelee upande wa mashine, maana watu wanasifia maneno wanasahau chombo. Biti ya "Takeover" ni ya Kanye West, imejengwa juu ya "Five to One" ya The Doors. Besi nzito, mwendo wa kuburuza, nafasi nyingi kati ya ngoma na ngoma. Biti ya namna hiyo inampa mchanaji muda wa kuongea taratibu kama hakimu anasoma hukumu. Angeyasema maneno yaleyale juu ya biti ya mbio yangesikika kama mtu kapaniki. Kwa hiyo unapotafuta biti ya dis (wimbo wa kumshambulia mtu), kasi ndiyo unaamua kwanza.

Hesabu: baa moja ina mapigo 4. Kwenye mapigo 90 kwa dakika baa inachukua sekunde 2.67, kwa hiyo vesi ya baa 16 ni sekunde 43 hivi. Kwenye mapigo 101, kasi ya "Not Like Us" ya Kendrick Lamar, vesi hiyohiyo ni sekunde 38. Tofauti ya sekunde 5 inaonekana ndogo mpaka uje na Kiswahili.

Kiswahili maneno ni marefu. Mwingereza ana neno la silabi moja lenye maana kamili, sisi "ninakuambia" ni silabi 6. Ukiandika silabi 14 kwa baa, kwenye 90 unatamka silabi 5 na robo kwa sekunde, bado pumzi ipo na kila neno linasikika. Kwenye 101 inakaribia 6 kwa sekunde, na hapo konsonanti zinaanza kumezwa. Dis ambayo haisikiki ni kelele. Tiba yake:

Kata viambishi vinavyokatika. "Ninakuambia" iwe "nakwambia", silabi 4, umeokoa mbili. Punguza "ambaye, ambacho", hayo ni mawe kwenye baa. Dongo lenyewe likae baa ya pili au ya nne, halafu acha pigo moja au mawili matupu baada yake ili watu walipokee. Kosa la wachanaji wengi ni kujaza kila tundu, dongo linapita kama daladala iliyojaa, halisimami kituoni.

Kuhusu vina: Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, na mkazo upo silabi ya pili toka mwisho. Kwa hiyo kina cha irabu moja ni cha bure, "samaki" na "wengi" si kina bali ni bahati. Kina cha kweli kishike silabi mbili za mwisho. Mfano wa haraka:

*Umekuja na maneno, tumekuja nayo meno*

Hesabu, ni 8 na 8, mizani ya tarbia, na kina cha kati kinalingana na cha mwisho. Fid Q, mtoto wa Mwanza hii, albamu aliipa jina la Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Lile jina peke yake ni somo.

#7 MchanajiIgoma

Nimekaa mkao wa kula. Swali kwa wataalamu: mchanaji wa mtaani, tuseme Igoma au Buzuruga, katupiwa dongo leo jioni kwa wimbo. Anataka kujibu ndani ya siku 3, bajeti ndogo, kompyuta mpakato na maiki moja. Afuate hatua gani ili asiachie takataka?

#8 Kishiri_Biti

Siku 3 zinatosha ukizigawa. Tatizo la wengi ni kurekodi siku ya kwanza wakiwa na hasira. Sauti ya hasira inapanda juu, pumzi inakatika, na maneno utakayoyajutia yanaingia yote. "Supa Ugly" ni mfano tosha.

Siku ya kwanza andika, usirekodi. Sikiliza wimbo wake mara nyingi uandike kila dongo kwenye mstari wake. Kisha futa yale ambayo ni kweli na huwezi kuyageuza. Chagua matatu tu ya kujibu. Ukijibu kumi unakuwa mshtakiwa anayejitetea, yale aliyosema @Nyakahoja. Lenga vesi mbili za baa 16 na kiitikio cha baa 4 chenye maneno yasiyozidi kumi. Kiitikio ndicho kitakachoimbwa na watu wasiojua hata bifu linahusu nini.

Biti tafuta siku hiyohiyo. Hapa ndipo ajali nyingi. Biti za bure za mtandaoni nyingi si bure: ni za kukodi, zina kikomo cha mara ngapi zisikilizwe, na mwenyewe keshaziandikisha kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Unapandisha wimbo, saa hiyohiyo unadaiwa, mapato yanakwenda kwa mtu usiyemjua, au video inazuiwa. Ukiwa na prodyuza wa hapa mjini mlipe kidogo akutengenezee yako, mwandikiane. Kukaa juu ya biti ya adui ni halali kisanaa, ni utani wa siku nyingi, lakini hiyo itoe kama video ya bure tu, usiipeleke kuuzwa.

Siku ya pili rekodi. Chumba kidogo chenye nguo na godoro ni bora kuliko sebule kubwa tupu. Paa la bati ni adui, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mvua ikinyesha hakuna kichujio kitakachoitoa ndani ya sauti. Rekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Maiki iwe shibiri moja toka mdomoni, na kichuja pumzi katikati. Huna, funga soksi nyembamba ya kike kwenye waya wa hanga, inafanya kazi. Elekeza mdomo pembeni kidogo ya maiki ili "p" na "b" zisipige kama ngumi.

Kiwango cha sauti: sehemu kubwa iwe kwenye desibeli -18 hadi -12, vilele visizidi -6. Taa nyekundu ikiwaka umeharibu, rudia, hakuna programu ya kurudisha sauti iliyopasuka ikawa kama mpya. Rekodi biti 24, kilohezi 48. (Hiyo "biti" ni ya kompyuta, si ya ngoma, msinichanganye.) Ukisikia mlio wa nyuki nyuma ya sauti, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri; mara nyingi ni waya wa ardhini wa nyumba ndio mbovu. Na hifadhi kila baada ya vesi, umeme ukikatika usianze kulia.

Rekodi vesi nzima mara tatu, chagua moja. Juu yake rekodi tena maneno ya mwisho wa mistari tu, hiyo ndiyo inayofanya dongo lisikike na uzito. Usirudie vesi yote juu yake yenyewe, itakuwa uji.

Siku ya tatu miksi. Kata masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye sauti, punguza kidogo maeneo ya 300 kama inasikika ya kopo, kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) uwiano wa 3 kwa 1 au 4 kwa 1. Mwisho acha nafasi ya -1 kwenye kilele. Usiikandamize ikawa tofali: YouTube itaishusha yenyewe kwenda kwenye -14 hivi, kwa hiyo wewe utabaki na wimbo uliopondeka na bado si mkubwa kuliko wa mwenzio. Jaribu kwenye simu, kwenye spika ya bajaji, kwenye masikioni ya bei poa. Kama maneno yanasikika kwenye bajaji inayotembea barabara ya Igoma, miksi imekubali.

#9 Mkolani_Kaka

Soksi kwenye waya wa hanga 😂😂 mkuu shikamoo.

#10 Nyakahoja_Dada

Siku 3 siku hizi ni nyingi, wakuu. Linganisheni na 2024. Tarehe 22 Machi Kendrick anatupa vesi yake kwenye "Like That" ya Future na Metro Boomin. J. Cole anajibu tarehe 5 Aprili, siku mbili baadaye anasimama kwenye tamasha lake mwenyewe anaomba radhi na wimbo anauondoa. Walimcheka. Mimi naona alihesabu vizuri: alitoka mapema, bila jeraha.

Drake akaja na "Push Ups", kisha tarehe 19 Aprili "Taylor Made Freestyle" akitumia sauti za Tupac na Snoop zilizotengenezwa kwa akili unde. Wasimamizi wa mirathi ya Tupac wakatishia mahakama, wimbo ukaondolewa. Mleta uzi, hapo ni "Dead Presidents" tena: sauti ya mtu kwenye wimbo wako bila yeye kuwepo. Tofauti ni kwamba sampo inakatwa kwenye kanda ambayo mwenyewe aliimba kweli.

Tarehe 30 Aprili "Euphoria". Tarehe 3 Mei "6:16 in LA" asubuhi, usiku Drake anaachia "Family Matters", haijapita hata saa moja Kendrick anaachia "Meet the Grahams". Kesho yake "Not Like Us". Huwezi kuandika, kurekodi na kumiksi ndani ya saa moja. Ule wimbo ulikuwa umelala tayari unasubiri. Drake alikuwa na video kamili, ikazikwa kabla watu hawajamaliza kuitazama. @Kishiri wewe unampa mtu siku 3 kuanzia dongo linapotupwa. Mimi ningemwambia awe na nyimbo mbili kabatini kabla hajatupiwa chochote.

#11 Kishiri_Biti

Kabati la nyimbo mbili ni sawa kwa mwenye studio yake. Wa kukodi studio kwa saa, nyimbo mbili za kusubiri vita visivyokuja ni hela ya unga. Ila aandike. Daftari halilipiwi kwa saa.

Na uone "Not Like Us" kwa masikio ya DJ: prodyuza Mustard aliipa mdundo wa kuchezeka. Nyimbo tatu za kabla yake zilikuwa nzito za kusikiliza umekaa. Ile ya mwisho ndiyo iliyoingia harusini. Tarehe 19 Juni 2024 pale Inglewood aliipiga mara tano mfululizo. Februari 2025 ikazoa Grammy tano. Dis inayochezeka inakaa mjini hata baada ya bifu kusahaulika.

#12 WakiliWaNyegezi

Niingie upande wangu, maana naona mnawapeleka vijana vitani bila ngao.

Hakimiliki: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, wimbo ni wako tangu unapoutunga, si tangu unapousajili. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi, na ushahidi ndio unaoshinda kesi. Ulinzi ni uhai wako na miaka 50 baada ya kufa. Kama msanii unatambuliwa pia na BASATA, baraza la sanaa la taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1984.

Karatasi ya mgawanyo isainiwe studio, siku ya kurekodi, kabla mtu hajapanda bajaji. Majina kamili, namba za simu, nani aliandika, nani alitengeneza biti, nani aliimba kiitikio, asilimia zijumlishe 100, na mstari unaojitegemea unaosema masta ni ya nani. Huo mstari wa mwisho ndio husahaulika. Mchanaji anadhani amelipia studio basi masta ni yake, mwenye studio anadhani kwa kuwa faili lipo kwake basi ni lake. Wimbo ukiwa mdogo hakuna anayegombana. Tangazo la biashara likiutaka, wanakumbukana. Jay-Z aliyepigwa na Nas alikuwa na jibu la swali hilo tangu 1996, ndiyo maana namuunga mkono mleta uzi.

Matusi na tuhuma: msijidanganye na Marekani. Drake alifungua kesi Januari 2025 dhidi ya kampuni ya Universal kuhusu "Not Like Us", na Oktoba 2025 jaji akaitupa kwa hoja kwamba msikilizaji wa kawaida anaelewa maneno ya vita vya rap ni maoni, si taarifa za ukweli. Drake akakata rufaa. Huo ni msimamo wa mahakama ya kwao. Kwetu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kuhusu kusambaza taarifa za uongo kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Usimwite mtu mwizi au mgonjwa kwenye wimbo ukadhani "ni sanaa tu" inatosha. Mwite mchanaji mbovu, sema vina vyake vimechacha kama sato wa juzi, sema anaogopa jukwaa. Hayo ni maoni, na yanauma vilevile.

Na mtoto, mama, mke wa mtu: waacheni. Tena hapo sisemi kama wakili.

#13 MchanajiIgoma

Wakili asante sana. Sato wa juzi naomba niutumie.

#14 WakiliWaNyegezi

Tumia. Asilimia 5 yangu iandike kwenye karatasi 😄

#15 Jongoo_la_Pasiansi

Mnamsifia Jay-Z na karatasi zake, ila hela ya vita ile alipata wapi? Rocawear aliiuza 2007 kwa dola milioni 204. Hiyo ni nguo, si rap. Mwaka 2019 Forbes wakamtaja bilionea wa kwanza wa hip hop, na mali nyingi ni pombe, sanaa, uwekezaji. Mnachanganya mfanyabiashara na mchanaji.

#16 MwambaWaCapripoint

@Jongoo hapo umegusa penyewe, ila malizia hesabu. Ile nguo iliuzika kwa sababu ya nani aliyeivaa. Jina lilijengwa na rap, na bifu la 2001 liliweka jina hilo midomoni mwa watu miezi sita mfululizo. Hata kupigwa kwake kulimtangaza. Ninachokataa ni ile dhana kwamba bifu lenyewe ndilo lililompa mali. Marapa wangapi walipigana miaka ile na leo hawana hata masta ya wimbo mmoja? Prodigy na Mobb Deep walipigwa siku ileile, jukwaa lilelile, na kwao halikugeuka biashara.

Na Nas naye hakulala njaa. Alikuja kuwa mwekezaji wa kampuni za teknolojia, na Grammy yake ya kwanza ya albamu bora ya rap aliipata 2021 kwa King's Disease, karibu miaka 27 baada ya Illmatic. Subira ya aina hiyo Jay-Z hana.

#17 Mkolani_Kaka

Tukitaka kufanya pambano la jukwaani hapa mjini, la heshima, Nyamagana dhidi ya Ilemela, lipite kwa nani? Na vifaa?

#18 NgwanaBujora

Kwanza jua uwanja upo halmashauri gani, watu hukosea hapa kila mara. Uwanja wa Nyamagana upo Jiji la Mwanza. CCM Kirumba upo Manispaa ya Ilemela. Ukipeleka barua Jiji kwa tukio la Kirumba umepoteza wiki. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri husika, uliza vibali vya tukio na vya BASATA, kisha polisi kwa ajili ya usalama. Barua itaje tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu unaowatarajia, na nani anawajibika.

Kwa mpangilio, chukua taratibu ya Bagika na Bagalu: majukwaa mawili madogo yanayotazamana, watu katikati, na waachwe wahame. Msiweke majaji watatu waliokaa na maji ya chupa. Ila wasichane kwa wakati mmoja kama ngoma, maneno hayatasikika. Kila upande dakika 3, raundi tatu, wa kwanza aamuliwe kwa shilingi.

#19 Kishiri_Biti

Vifaa: maiki mbili za waya za kushika na moja ya akiba, usitegemee zisizo na waya kwenye uwanja wenye simu elfu moja. Waambieni wachanaji wasizibe kichwa cha maiki kwa kiganja. Wanaona ni staili, lakini kinachotokea sauti inakuwa ya kopo na spika zinaanza kupiga mluzi. Spika ziwe mbele ya mchanaji, kamwe nyuma yake. Biti ziwe faili za WAV kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi mbili, zisiwe za kupakua pale pale. Zitolewe sauti ya mchanaji kabisa, biti tupu, mtu anayechana juu ya sauti yake mwenyewe watu wa Mwanza watamzomea na watakuwa sahihi.

Jenereta iwe mbali mita 30 hivi upande ambao upepo unaondoka, na mafuta yajazwe kabla ya raundi ya kwanza, si katikati.

#20 MchanajiIgoma

Biti ya pambano iwe mapigo mangapi?

#21 Kishiri_Biti

88 hadi 92. Na kila raundi biti tofauti, wachanaji wazisikie siku moja kabla, wote wawili kwa saa moja ileile.